Mtoto akikosa, atarudi nyumbani na nani?

Mpenzi msomaji, kuna maneno ambayo mtu huyasema kwa dakika moja kisha akayajutia miaka. Mimi yangu niliyasema ndani ya matatu, jioni moja ya Julai mwaka wa 2017, nikiwa nimeketi kando ya kitinda mimba wangu tukitoka uwanjani.

Wakati huo alikuwa kidato cha pili katika shule ya kutwa hapa jijini. Alikuwa mfungaji wa timu ya netiboli, na siku hiyo timu yake ilikuwa imefika fainali. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kazini na kuwaringia wenzangu ofisini kwamba kesho nitawaletea habari. Zikiwa zimesalia sekunde chache, timu yetu ilikuwa nyuma kwa bao moja. Mpira ukamfikia binti yangu mbali kidogo na mlingoti. Mwenzake alikuwa amesimama chini ya pete, mikono juu, hana wa kumkaba. Binti yangu hakumpa. Alirusha mwenyewe. Mpira uligonga chuma, ukazunguka pete kama unaofikiria, kisha ukaanguka nje. Kipenga kikalia.

Ndani ya matatu, mbele ya abiria, nilimgeukia nikamwambia: "Kwani huna macho? Ungempa mwenzako tungesawazisha!" Hebu lisikie hilo neno "tungesawazisha", kana kwamba mimi pia nilivaa sketi nikaingia uwanjani. Mtoto hakunijibu. Aliangalia nje ya dirisha mpaka tukashuka Buruburu.

Tangu siku hiyo hakugusa mpira. Viatu vyake alivitia katika katoni ya sabuni akaisukuma chini ya kitanda. Mama yake aliponiuliza kulikoni, nilijibu kwa kiburi kwamba mtoto ameamua kushika vitabu, na kwamba hilo ni jambo la kushukuru.

Nakueleza haya, msomaji, kwa sababu aliyenifumbua macho hakuwa mwalimu wala mhubiri. Alikuwa msichana wa Uskoti aitwaye Eve Muirhead, ambaye kazi yake ilikuwa kusukuma mawe juu ya barafu.

Huenda ukauliza, mtu wa Nairobi na barafu wapi na wapi? Sisi Wakenya tuna sababu zetu. Utakumbuka kwamba mwaka wa 1998 Philip Boit alikwenda Nagano, Japani, kushindana katika mbio za kilomita 10 za kuteleza thelujini. Alimaliza wa mwisho. Lakini mshindi wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikataa kuondoka. Alisimama kwenye baridi akamngoja Mkenya yule afike, kisha akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Kisha mnamo Februari 2018, katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Pyeongchang, Korea Kusini, tulikuwa na mwakilishi mmoja tu, Sabrina Simader, msichana mzaliwa wa Kenya aliyelelewa Austria. Ni yeye aliyetufanya nyumbani kwetu tufungue chaneli ya michezo. Alipomaliza zamu yake, televisheni haikuzimwa. Binti yangu, ambaye kwa miezi saba hakutaka kusikia habari za mchezo wowote, alikuwa amenaswa na mchezo wa kalingi.

Kwa asiyeujua, nitaueleza kwa ufupi. Ni mchezo uliozaliwa Uskoti karne nyingi zilizopita, watu wakicheza juu ya maziwa yaliyoganda. Timu mbili za watu wanne wanne husukuma mawe ya mviringo, kila moja likikaribia uzito wa kilo 20, juu ya njia ya barafu yenye urefu wa mita 45 na ushei. Mwisho wa njia hiyo pamechorwa miviringo, mmoja ndani ya mwingine, kama shabaha ya mwenye bunduki. Kila mchezaji husukuma mawe mawili, kwa hiyo kila timu ina mawe manane katika raundi moja. Yanapokwisha kusukumwa yote 16, timu yenye jiwe lililo karibu zaidi na kitovu ndiyo hupata alama, na pambano zima lina raundi 10.

Kinachowachekesha wageni ni mafagio. Jiwe likishaachiliwa, wenzake aliyelisukuma hukimbia mbele yake wakisugua barafu kwa brashi, utadhani mgeni wa heshima anakuja na nyumba haijafagiliwa. Lakini si mzaha. Msuguo huo huipasha barafu joto kidogo, nalo jiwe huenda mbali zaidi na kunyooka zaidi. Jiwe likiachwa bila kufagiliwa, hupinda njiani, na ndiyo sababu aliyelisukuma hulizungusha kidogo mkononi kabla ya kuliachilia. Mawe yenyewe ya Olimpiki huchongwa kwa matale, mawe yale magumu, yatokayo Ailsa Craig, kisiwa kisichokaliwa na watu katika pwani ya magharibi ya Uskoti. Katikati ya makelele yote husimama nahodha, anayeamua kila jiwe liende wapi, na ambaye kwa kawaida ndiye husukuma jiwe la mwisho.

Sasa tuje kwa Eve. Alizaliwa Aprili 1990 akalelewa Blair Atholl, kijiji cha milimani, katika familia ya wafugaji wa kondoo. Baba yake, Gordon Muirhead, alikuwa katika kikosi cha Uskoti kilichotwaa ubingwa wa dunia mwaka wa 1999. Kwa hivyo mtoto huyu aliukuta mchezo nyumbani, kama vile mtoto wa Iten anavyoikuta riadha. Alikuwa na vipawa vingine pia. Alipuliza zumari za Kiskoti kwa ustadi wa kuingia mashindanoni, na gofu aliicheza vizuri kiasi cha vyuo vya Marekani kumwita akasome huko kwa ufadhili. Alikataa. Alichagua barafu.

Na barafu ilimlipa mapema. Alikuwa katika timu zilizotwaa ubingwa wa dunia wa vijana mwaka wa 2007, 2008, 2009 na 2011. Je, ni wangapi hapa kwetu hupata hata moja? Ndipo Februari 2010, akiwa na umri wa miaka 19 tu, akapelekwa Olimpiki ya Vancouver, Kanada, akiwa nahodha wa Uingereza, maana katika Olimpiki Waskoti hushindana chini ya bendera hiyo. Magazeti ya kwao yalimngoja kwa hamu. Timu yake ilimaliza nafasi ya saba.

Wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, uliyekuwa wa kwanza katika shule ya msingi kisha ukafika shule ya upili ukajikuta wa 40, nadhani unaielewa hali hiyo. Sifa za utotoni hazina mahali pa kupunguziwa nauli. Ukivuka kwenda ngazi ya pili unaanza kulipa upya.

Eve alilipa. Mwaka wa 2013, mjini Riga, Latvia, aliishinda Uswidi 6 kwa 5 akawa bingwa wa dunia wa wakubwa, akiwa na miaka 22. Mwaka uliofuata, kule Sochi, Urusi, alipata medali ya shaba ya Olimpiki kwa kuilaza Uswisi 6 kwa 5. Tazama hayo mabao, msomaji. Alama moja, alama moja. Mtu anayeshinda kwa alama moja anajua kwamba kesho atashindwa kwa alama iyo hiyo.

Na kesho hiyo ilifika Jumamosi, Februari 24, mwaka wa 2018. Hapa Nairobi ilikuwa mchana, tumemaliza kula, mimi nimejilaza kwenye kochi na gazeti usoni. Eve na wenzake walikuwa wanapigania shaba dhidi ya Japani. Walifika raundi ya 10, Japani imetangulia 4 kwa 3, na jiwe la mwisho kabisa likiwa mkononi mwa Eve.

Binti yangu, ambaye kwa siku kadhaa alikuwa ameusoma mchezo ule kuliko anavyosoma fizikia, alinieleza. Nahodha yule angeweza kutafuta alama moja ya kusawazisha, wakaingia raundi ya nyongeza. Au angejaribu pigo gumu la alama mbili, amalize kazi papo hapo aondoke na medali.

"Atatafuta mbili," binti yangu alisema.

Alitafuta mbili. Jiwe liliondoka, wenzake wakafagia, likagonga, mawe yakatawanyika. Yalipotulia, jiwe lililokuwa karibu zaidi na kitovu lilikuwa la Japani. 5 kwa 3. Wajapani wakakumbatiana wakilia kwa furaha, kwani hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya nchi yao katika kalingi. Kamera, isiyo na huruma, ikamrudia Eve.

Nami, msomaji, sikujifunza. Mdomo ulikuwa tayari umefunguka kusema, "Si angesawazisha kwanza!" Lakini binti yangu alinitangulia. Hakuniangalia. Aliuliza polepole, kama anayejiuliza mwenyewe:

"Huyu sasa atarudi nyumbani na nani?"

Gazeti lilinianguka. Sikuwa na haja ya kuulizwa mara mbili. Niliiona ile matatu, nikawaona abiria wale, nikaona upande wa uso wa mtoto wangu ukielekea dirishani. Miezi saba nilikuwa nikidhani alikimbia mpira kwa sababu alikosa bao. Kumbe bao alilimeza siku ile ile. Kilichomkaa kooni ni safari ya kurudi.

Jibu la swali lake, nililijua baadaye, ni kwamba Eve hakuwa peke yake. Kaka zake wawili, Glen na Thomas, walikuwa huko huko Korea katika timu ya wanaume ya Uingereza, nao waliondoka bila medali. Familia nzima ilikuwa na kidonda kimoja.

Jibu langu mimi lilinichukua siku tatu. Sisi wazee wa Kiafrika tumefundishwa mengi, lakini kumwomba mtoto msamaha si mojawapo. Nilimkuta jikoni akiosha vyombo, nikasimama mlangoni kama mgeni. Nikamwambia kwamba maneno niliyosema siku ile ndani ya gari yalikuwa mabaya, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa na mpira mkononi, si mimi. Alinisikiliza, sufuria mkononi. Akasema, "Ni sawa, Baba." Akaendelea kuosha. Basi. Hapakuwa na machozi kama ya kwenye sinema. Lakini wiki chache baadaye nilitoka asubuhi nikakuta viatu vya michezo vimeoshwa na kuanikwa juani.

Muhula wa pili alirudi timuni. Ningependa kukuambia kwamba walichukua kombe. Hawakuchukua. Walitolewa mapema kuliko mwaka uliotangulia. Safari ya kurudi nilinunua chipsi za watu wawili, tukala njiani, na nikamwuliza kama wanafunzi bado wanamwogopa mwalimu wao wa hesabu. Tulicheka mpaka nyumbani.

Eve naye alikuwa na safari ndefu zaidi. Mwaka ule ule wa 2018 alifanyiwa upasuaji wa nyonga, na timu yake ikavunjika. Mwaka wa 2021 mashindano ya dunia yalifanyika Calgary, Kanada, wachezaji wakiwa wametengwa kwa hofu ya korona. Timu sita za kwanza ndizo zilizopata tikiti ya Olimpiki. Uskoti ilikuwa ya nane. Hapo wakuu wa mchezo huo walikusanya wachezaji tisa, wakawajaribu kwa makundi mbalimbali, kisha wakachagua watano. Bingwa wa dunia wa jana alirudi kupimwa pamoja na wasichana ambao hawajawahi kuiona Olimpiki. Walioungana naye hatimaye ni Vicky Wright, ambaye ni muuguzi, Jennifer Dodds, Hailey Duff na Mili Smith. Novemba mwaka huo walitwaa ubingwa wa Ulaya kule Norway, na Desemba, mjini Leeuwarden, Uholanzi, katika nafasi ya mwisho iliyokuwepo, wakapata tikiti ya Beijing. Olimpiki ilikuwa miezi miwili tu mbele.

Hata Beijing hawakuingia kwa kishindo. Katika mechi tisa za makundi walishinda tano na kushindwa nne, wakalingana na Japani na Kanada. Timu tatu, nafasi mbili. Kilichowatenganisha ni jambo ambalo mtazamaji wa kawaida halioni kabisa. Kabla ya kila mechi, wachezaji husukuma jiwe kuelekea kitovu, nao waamuzi hupima limesimama umbali gani. Sentimita hizo za kabla ya mechi, zilipojumlishwa, ziliirudisha Kanada nyumbani na kuwaacha Waingereza ndani. Mwanafunzi, ukitaka kujua faida ya zoezi unalofanya bila kutazamwa na mtu, ndiyo hiyo.

Katika nusu fainali walikutana na Uswidi, mabingwa wa Olimpiki iliyotangulia. Raundi ya kwanza tu Uswidi ilichukua alama nne. Wengi wangekata tamaa. Eve na wenzake walikwenda nao bega kwa bega mpaka raundi ya nyongeza, wakashinda 12 kwa 11.

Fainali ilikuwa Jumapili, Februari 20, 2022, na kwa saa zetu ilianza saa kumi alfajiri. Binti yangu, sasa mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa amekuja nyumbani wikendi hiyo. Aliniamsha kwa kunigonga bega. Tuliketi sebuleni gizani, mablanketi mabegani, simu yake imeegemezwa kwenye chupa ya chai ili tusiwaamshe wengine. Na wapinzani walikuwa akina nani? Japani. Nahodha wao alikuwa Satsuki Fujisawa, yule yule wa miaka minne iliyopita.

Safari hii hapakuwa na jiwe la mwisho la kutia mtu tumbo joto. Katika raundi ya saba Uingereza ilichukua alama nne kwa mpigo, na mwisho matokeo yakawa 10 kwa 3. Ilikuwa dhahabu ya pekee ya Uingereza katika michezo hiyo, miaka 20 tangu wanawake wao waipate mara ya kwanza kule Salt Lake City mwaka wa 2002. Eve alikuwa na miaka 31. Kutoka Vancouver hadi siku ile ilikuwa miaka 12. Alisimama jukwaani akilia, na msichana aliyeketi kando yangu alikuwa akipangusa macho kwa ncha ya blanketi.

Agosti mwaka uo huo, Eve alitangaza kustaafu. Alijua pa kukomea, na hilo pia ni kipawa.

Msomaji, wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nakubaliana nao, ila naongeza kwamba mhunzi mchanga aliyevunjikiwa na koleo hutazama kwanza uso wa aliye karibu naye. Si kila mtoto atakayevumilia atafika jukwaani. Wa kwangu hakufika. Leo ana kazi yake, na Jumamosi jioni huwafunza wasichana wa mtaa wetu netiboli kwenye uwanja wa vumbi, bila malipo. Juzi nilipita pale nikamsikia msichana mmoja mdogo aliyekosa bao akianza kulia. Binti yangu alimwokotea mpira, akamrudishia mkononi, akamwuliza nyumbani leo wanapika nini.

Mzazi mwenzangu, msimu wa michezo na mitihani haukosi kurudi. Mtoto wako atatoka uwanjani, au atatoka na karatasi ya matokeo, na pengine atakuwa amekosa. Yeye mwenyewe atakuwa amejua hivyo kabla yako. Kinachobaki mikononi mwako ni ile safari ya kurudi nyumbani.